Faini ya Dirishani

Mmmmm.

Mvumo ulitangulia kila kitu. Ulitoka ndani ya ukungu, mzito, wa puani, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo, na Lustika Mgaya akasimama njiani na funguo mkononi ili ausikilize vizuri. Ukungu wa Itambo ukishuka asubuhi, mtu haoni hata kiwiko chake. Anakwenda kwa masikio. Jana mvumo ule ulikuwa chini kidogo. Leo ulikuwa umepanda, na ndani yake mlipita mlio mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka.

"Umeshiba," alijisemea. "Umeshiba mno, na mwenye kosa ni mimi."

Akapiga zile hatua kumi na mbili alizozizoea kwa miaka ishirini na sita, akanyoosha mkono, akaukuta mlango pale pale.

Ndani, maktaba ilinukia nta, karatasi na moshi wa kuni za misindano. Aliwasha jiko, akafungua dirisha kubwa la upande wa barabara, kisha akaenda kuutazama mzinga. Ulisimama kwenye kona, mrefu kama mtu mzima, una kioo mbele, na nyuma ya kioo masega ya kijivu yamepangana kama vitabu. Nyuki hawakuwamo. Nta yenyewe ndiyo iliyokuwa hai, na chakula chake kilikuwa sauti. Mtu akisoma kitabu mbele yake, nta hujenga sega. Mwingine akija kuliazima sega hilo, huingia kibandani, huweka pembe ya kusikilizia sikioni, na nta hupata joto ikamrudishia yule msomaji pamoja na siku yake nzima: kikohozi chake, mvua juu ya paa, jogoo wa jirani.

Sega lisiloazimwa kwa miaka mitano huyeyushwa ili lipishe jipya. Kazi hiyo waliiita kupalilia. Mzinga usiopaliliwa hujaa, hupiga mlio, na siku moja ya jua kali huyeyuka wote. Kulikuwa na mji ng'ambo ya mto uliopoteza sauti zake zote adhuhuri moja, na hadi leo watu wake wakipita Itambo huinamisha vichwa kama wafiwa.

Kipimo kilionyesha tisini na nane kwa mia.

Lustika alichukua kadi ya mwanachama namba 412, Ombeni Lutego, akaingia nayo kibandani. Ukurasa mmoja wa kila sauti ulitosha kuipasha nta. Alimsikiliza Bibi Sikitu aliyesoma hadithi za sungura huku akimkaripia mjukuu asiyeonekana. Akamsikiliza karani mmoja wa posta, marehemu, aliyesoma ramani kana kwamba anasoma barua ya mapenzi. Mwishowe, kwa kuwa kitamu huwekwa mwisho, akamwita Mwalimu Kasiani Chaula, mkutubi wa kwanza wa Itambo, mtu aliyemkabidhi ufunguo huu na kazi hii na tabia ya kunywa chai bila sukari. Mwalimu alikuwa anasoma *Mwongozo wa Injini za Dizeli*. Nyuma yake mvua ilipiga bati la zamani, lile lililong'olewa walipoezeka vigae vya jua, na Lustika akafumba macho, akawa tena msichana wa miaka ishirini na minane anayegonga mihuri mbele ya mzee mwenye sweta lililotoboka viwiko.

Kisha akatoka, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akatia sahihi ya Ombeni Lutego, akagonga muhuri.

Ko!

* * *

Saa tatu ukungu ulikuwa umepanda hadi kwenye nyaya, na Fidelisi Sanga, kinyozi, akaingia na kitabu kwapani kama mwizi aliyejileta mwenyewe.

"Kamwene, Dada Lustika."

"Kamwene. Siku ngapi, Sanga?"

"Nne. Tano ukihesabu na leo, lakini leo bado changa."

Lustika alinyoosha kidole ukutani. Pale juu ya dirisha palikuwa na ubao, na juu ya ubao ubeti wa Mwalimu Chaula aliouchora kwa rangi nyekundu:

*Ukichelewa kitabu, wala usifadhaike,*
*Dirishani toa jibu, ukurasa usikike.*

Maktaba ya Itambo haikuwahi kumtoza mtu hata senti. Aliyechelewesha alilipa kwa kinywa: ukurasa mmoja kwa kila siku, kwa sauti, dirishani, barabara nzima ikimsikia. Mwalimu alikuwa akisema kwamba fedha humwaibisha maskini peke yake, bali kusoma hadharani humwaibisha kila mtu sawasawa.

Sanga akasimama dirishani, akakohoa, akaanza kusoma juu ya magonjwa ya kuku. Wauza viazi wa ng'ambo wakamshangilia.

"Paza sauti, kinyozi! Kuku wako wa mwisho hawasikii!"

"Kawanyoe kwanza, waonyeshe masikio!"

Alikuwa kwenye ukurasa wa tatu Mzee Benaya Tweve alipoingia, amevaa koti la kikao siku isiyo ya kikao. Mzee Tweve alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba kwa mwaka wa kumi na moja, na katiba ya maktaba aliijua kama wengine wanavyoijua Sala ya Bwana. Uso wake uling'aa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Nimefanya hesabu za mwaka. Kanuni ya kumi na nne!"

Lustika aliijua. Wajumbe sita wa kamati walichaguliwa na wanachama. Wa saba alipatikana kwa kusoma tu. Aliyeazima kuliko wote mwaka huo alikalishwa kwenye kiti cha saba, awe daktari au mchunga mbuzi.

"Mwaka huu hana mpinzani," alisema Mzee Tweve, akikunjua karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayefunua maandazi. "Mara mia tisa na moja! Katika historia ya maktaba hii haijatokea. Ombeni Lutego. Ni mtoto wa nani huyu?"

Muhuri ulimponyoka Lustika, ukabingiria chini ya meza. Aliinama kuutafuta, akakaa huko chini muda mrefu kuliko muhuri ulivyohitaji.

"Mtu... mkimya," alisema kutoka chini ya meza.

"Ndio wasomaji wenyewe hao! Mwandikie. Kikao Alhamisi, saa nne."

* * *

Alhamisi saa nne, viti saba viliizunguka meza ya kusomea. Wajumbe wawili walikuwa na udhuru: mmoja msibani, mwingine anavuna viazi na lori lisilo na dereva halingoji mtu. Waliokaa walikuwa Mzee Tweve, Sanga kinyozi, Mwalimu Gwantwa wa shule ya msingi, na Anyesi Nyagawa.

Lustika, ambaye kama mkutubi aliandika muhtasari na hakuwa na kura, alijitahidi asimtazame Anyesi. Anyesi alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kazi, mjane tangu Juni. Mumewe Zakayo alikuwa mwenye mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na dirisha la maktaba. Mashine ilinyamaza siku aliyozikwa. Ufunguo wake Anyesi aliufunga kwenye pindo la kanga kiunoni, na kila alipojisogeza ufunguo uligonga kiti.

"Akidi ni watano," alisema Mzee Tweve, akitazama kiti cha saba. "Tuko wanne. Tumngoje mjumbe mpya."

Wakangoja. Kuni zikapasuka jikoni. Mzinga ukavuma, na ule mlio mwembamba ukawa wazi sasa, kila mtu akiusikia na kujifanya hausikii.

"Huyu bwana ana masikio mangapi?" aliuliza Sanga. "Mara mia tisa! Mimi mke wangu nimemsikiliza mara tatu."

"Na kwa nini mimi sijawahi kumwona?" Mwalimu Gwantwa alikuwa msichana wa miaka ishirini na tano aliyekaa wima kama rula. Mbele yake ilikuwa orodha ya wanaosubiri kusoma. "Watoto wangu huja hapa kila Jumatano. Wananiambia kibanda kitupu. Halafu majina haya, Mwenyekiti, kumi na tisa, hayasogei mwaka wa tatu. Wa kwanza sasa, tuliyempandisha kwa ajili ya ugonjwa, ni Atupele Mahenge. Ana mtoto wa miezi minne, na Jumatatu anapasuliwa koo. Daktari amemwambia hatatoka na sauti. Ameomba ukurasa mmoja, mtoto aje amsikie mama yake akikua. Mmoja! Mzinga unasema umejaa. Umejaa nini?"

"Taratibu, Mwalimu," alisema Mzee Tweve. "Kwanza akidi. Nitamtuma mtu akamwite mjumbe wetu. Anakaa..." Akainua kadi karibu na miwani. "Mtaa wa Mashine, namba tisa."

Ufunguo uligonga kiti.

"Nipe hiyo kadi," alisema Anyesi.

Aliisoma. Akaisoma tena, midomo ikitembea.

"Usimtume mtu, Mwenyekiti. Namba tisa ni mashine yetu. Ufunguo huu hapa. Tangu nimzike Zakayo mle ndani hamna msomaji ila panya."

"Basi panya wa Itambo wameelimika," alisema Sanga, akacheka peke yake.

Lustika aliweka kalamu chini. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu. Aliyokuwa ameyapanga usiku kucha yalikuwa na mwanzo mzuri na hata methali. Hakuna hata moja lililokuja.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo nyumbani?" aliuliza Mzee Tweve.

"Hayupo duniani. Nilimtunga mimi."

Mwenyekiti alifungua katiba, akaanza kuzifunua kurasa kwa haraka, kama mtu anayetafuta kisu cha kukatia kamba iliyomnasa shingoni. Hakukuwa na kanuni inayomhusu mjumbe asiyezaliwa.

"Miaka mitatu iliyopita ilipofika zamu ya kupalilia," Lustika aliendelea, "orodha ilikuwa na masega arobaini. Bibi Sikitu. Yule karani wa posta. Mwalimu Chaula. Wote hakuna aliyekuwa anawaazima, na mkutubi haruhusiwi kuazima kwa jina lake. Nilishika ufunguo wa kuyeyushia, mkono ukakataa. Nikaandika kadi. Tangu hapo nimekaa kibandani kila asubuhi, nikawasikiliza, nikasema ni Ombeni. Hamkuwasikia, nyie. Mkiwasikia mtaona. Kuna mvua mle ambayo hainyeshi tena. Kuna bati letu la zamani, kuna kengele ya shule kabla haijapasuka, kuna mji mzima ambao haupo popote ila humo."

"Na watoto wangu?" Mwalimu Gwantwa alisimama. "Na Atupele?"

Anyesi alikuwa ameinua mkono, kidogo tu, kama mtu anayezuia mlango.

"Lustika. Zakayo alikuwa wa ngapi kwenye orodha?"

"Wa tatu."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na ungepalilia kama ilivyoandikwa?"

Lustika alitazama mikono yake. "Angesoma wiki ileile."

Anyesi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Alinunua miwani," alisema. "Unajua? Macho yake yalikuwa mazima, ila alisema mtu hawezi kuachia wajukuu sauti bila kuvaa miwani. Kila Jumapili ananyoa ndevu, anaiweka mezani tayari, ananiuliza, 'Mama, wamekuja kuniita?' Namwambia bado, mzinga umejaa. Anasema, 'Sawa, wenye haki ya kutangulia watangulie.' Miwani iko juu ya meza hadi leo. Ile karatasi ya dukani haijabanduliwa kwenye kioo."

Mzinga ulilia. Mzee Tweve alifunga katiba.

"Kanuni ya tisa," alisema. "Akidi isipotimia, kikao kinasimama kwa saa moja. Baada ya hapo waliopo watatosha. Tunasimama."

* * *

Watu walitoka kuota jua. Anyesi hakutoka. Lustika alimkuta amesimama mbele ya kioo cha mzinga, akitazama masega kama mtu anayetazama nyumba za watu matajiri.

"Mama Nyagawa. Ingia kibandani. Kuna kitu usikie."

"Cha nani?"

"Cha Mwalimu Chaula. *Injini za Dizeli*, ukurasa wa arobaini na moja."

"Dizeli inanihusu nini mimi?"

"Ingia tu, mama."

Aliingia. Kibanda kilikuwa chembamba. Lustika alibaki mlangoni, akamwekea pembe sikioni, akaligusa sega. Hakuhitaji kusikia. Alilijua kwa moyo, kila pumzi. Kwanza kiti kinakwaruza sakafu. Kisha Mwalimu anasema, *ukurasa wa arobaini na moja, kusafisha nozeli*. Dirisha liko wazi. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga inanguruma, halafu mkanda unaachiwa, injini inashuka, inazimika. Mwalimu anasoma: *nozeli ikiziba, ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa.* Hapo ndipo inapokuja. Kutoka ng'ambo, sauti ya kijana, kali kama filimbi, yenye unga kooni:

*Mwongo huyo, Mwalimu! Mafuta ya taa yanaua nozeli! Dizeli tupu! Mwambie huyo mwandishi aje hapa nimwonyeshe!*

Mwalimu anacheka hadi anakohoa. *Msikilizaji,* anasema, *umesikia mwenyewe. Kitabu kinasema hivi, Zakayo anasema vile. Mimi sina injini.*

Uso wa Anyesi ulifunguka. Hakulia. Ulifunguka tu, miaka ikatoka, akabaki msichana aliyebeba debe la mahindi kwenye foleni ya mashine.

"Rudisha," alisema.

Lustika alirudisha.

"Rudisha."

Mara ya tatu alifuata maneno kwa midomo, *dizeli tupu*, na mkono wake ukaufunika ule ufunguo kiunoni. Kisha aliitoa pembe sikioni, akaitundika mahali pake. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na huruma.

"Ulijua yumo."

"Nilijua."

"Tangu Juni nalala na redio wazi ili nyumba isinyamaze. Wewe ulijua yumo, ukakaa kimya."

"Ningekuambia, ungeniuliza kwa nini sega la Mwalimu lipo na la Zakayo halipo."

"Na leo unaniambia kwa sababu nina kura." Alimsogelea hadi Lustika akanusa unga wa zamani kwenye kanga yake. "Sanga atasema muache, anapenda kila kitu cha zamani. Kale kasichana katasema yeyusha. Mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana. Nimebaki mimi. Unanihonga, Lustika? Unanihonga kwa mume wangu?"

Lustika alifungua mdomo akane, na kukana kukamkwama. Alikuwa amejiambia ni huruma. Sasa, huku akitazamwa hivyo, hakujua tena ni nini.

"Sijui," alisema. "Huenda."

"Afadhali umesema hivyo," Anyesi alijibu, akapita.

* * *

Saa moja ilipotimia wakakaa. Kiti cha saba Mzee Tweve alikuwa amekitoa, akakiegemeza ukutani.

Sanga alisema kama ilivyotabiriwa. Waache wazee wa watu. Na kama nafasi haipo, basi wanakili sauti hizo pembeni, kwenye simu, nani atajua?

Chumba kikapoa. Kila aliyevuka miaka arobaini mle ndani aliikumbuka ile miaka ya mashine za kuiga sauti za watu, kabla ya Sheria ya Sauti Moja: sauti moja mahali pamoja, hainakiliwi, haitoki. Anyesi mwenyewe aliwahi kupigiwa simu na dada yake, akimlilia amtumie nauli, wiki moja baada ya kumzika.

"Futa hilo la simu," alisema Sanga upesi. "Limenitoka. Basi tubakize moja. Moja tu! La Mwalimu Chaula. Nimesikia dirishani lina nini ndani." Akamtazama Anyesi kwa upole usio wa kawaida yake. "Mama Nyagawa aliazime leo, kwa jina lake halali. Nani atamnyima?"

"Masega thelathini na tisa yaliyobaki yana watu wangapi nyuma yake?" aliuliza Anyesi.

"Watu?"

"Wa nyuma. Waliokuwa wanapita barabarani. Wanaopiga kelele dirishani. Wapo?"

Walimgeukia Lustika.

"Wapo," alisema. "Kila sega. Kwenye la karani kuna mwanamke anayembembeleza mtoto. Sijawahi kumjua ni nani."

"Basi kila mmoja ana Zakayo wake, ila hajui kama yumo." Anyesi aliweka viganja mezani. "Nikibakiza wangu kwa sababu mimi nina kiti hapa, nitakuwa nimefanya alichofanya Lustika, na mimi sina hata haya ya kujificha nyuma ya jina la uongo. Kuna mtoto wa miezi minne. Mimi nimeishi na mwanamume yule miaka thelathini na moja; masikio yangu yameshiba. Ya huyo mtoto hayajaonja. Yeyusha. Yote arobaini."

"Yeyusha," alisema Mwalimu Gwantwa, lakini chini sana, bila ule ukakamavu wake wa rula.

Sanga alifuta uso kwa taulo la kinyozi. "Mimi nabaki nilipo," alisema. "Aandike hivyo. Sanga alikataa."

Lustika aliandika. *Wawili wanaafiki, mmoja anapinga.* Herufi zilitoka kama za mkono wa kushoto.

"La kazi yako, binti," alisema Mzee Tweve, "litajadiliwa kikao kijacho, akidi ikitimia. Watu wa kweli watupu."

Ufunguo wa kuyeyushia ulikuwa mdogo, wa shaba. Safari hii mkono haukukataa. Alianza na Bibi Sikitu. Nta ililainika, ikang'aa, ikashuka taratibu kwenye bakuli la chini, na kila sega liliposhuka mvumo nao ulishuka kidogo, mlio ukazidi kufifia. Karani akaenda na ramani zake, na mwanamke asiyejulikana akaenda na mtoto wake. La mwisho lilipobaki Lustika alisita, akahisi mkono mpana, mzito, ukija juu ya wake. Wakaugeuza ufunguo pamoja.

Mmmmm, ulifanya mzinga, chini kabisa, kwa sauti ambayo Itambo haikuwa imeisikia kwa miaka mitatu.

Mwalimu Gwantwa alikuwa tayari mlangoni, akikimbia kumwita Atupele Mahenge.

Lustika alikaa chini. Chumba kilikuwa kilekile, rafu zilezile, na kilikuwa kitupu kama nyumba siku ya pili ya matanga. Anyesi hakuondoka. Alisimama akisoma ule ubao wa maandishi mekundu juu ya dirisha, kana kwamba hajawahi kuuona.

"Umechelewesha sauti arobaini," alisema. "Miaka mitatu. Hizo ni kurasa ngapi?"

"Hazihesabiki, mama."

"Basi sitahesabu. Lakini kwenye maktaba hii hatumsamehe mtu, na hatumtozi fedha." Aliiendea rafu, akapapasa, akatoa kitabu chembamba chenye madoa ya mafuta kwenye jalada, akakiweka mezani. *Mwongozo wa Injini za Dizeli.* "Umemsikiliza Mwalimu kila asubuhi. Unamkumbuka?"

"Kila pumzi."

"Mimi wangu nimemsikia mara tatu leo. Namkumbuka." Akaugusa ufunguo kiunoni. "Jumamosi nafungua mashine. Watu wanataka unga. Nitakuwa mlangoni pale."

Lustika alikitazama kitabu, kisha dirisha, kisha ule mlango wa bati ng'ambo ya barabara, na taratibu akaelewa alichokuwa anadaiwa. Akasimama. Hakumwita tena Mama Nyagawa.

"Anyesi," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza viazi, "nakuahidi. Wakininyang'anya kazi nitakuja kama msomaji, nisimame hapa. Kila Jumamosi, saa tatu, dirisha likiwa wazi, nitasoma ukurasa wa arobaini na moja kwa kinywa changu, polepole, kama alivyousoma Mwalimu. Na nikifika kwenye mafuta ya taa nitanyamaza. Mvua inyeshe, watu wanicheke, sitasoma neno la mbele mpaka nikusikie kutoka mlangoni kwako ukiniambia kwamba kitabu kinasema uongo."